Kipupwe kimeingia: namna ya kuyalinda maua ya mikorosho dhidi ya ubwiriunga

Kila mwaka mvua zikikatika, maswali huwa yaleyale. Nianze lini kupuliza? Mfuko mmoja wa salfa (unga wa manjano wa kuzuia ubwiriunga) unatosha miti mingapi? Mbona nimepuliza na maua yamekauka vilevile? Wengi wanaouliza wamerithi shamba kwa wazazi, au wamenunua ekari chache Tandahimba, Masasi au Ruangwa huku wakiishi mjini, na msimu huu ndio wa kwanza wanausimamia wenyewe. Mwongozo huu ni wenu. Mkulima mkongwe wa Newala mengi ya humu anayajua tangu utotoni, ila sehemu ya udongo huko chini naye aisome.

Wenzetu wa Njombe na Makete, kipupwe kikiingia, kuna asubuhi wanaamka na kukuta umande umeganda barafu juu ya mazao. Mtwara na Lindi baridi haifiki huko. Baridi yetu ni ya ukungu wa alfajiri na umande unaolowesha suruali hadi magotini, na ndiyo inayokuja wakati uleule mikorosho inachipua na kutoa maua, kuanzia Juni hadi Septemba hivi. Umande haumdhuru mkorosho. Kinachomdhuru ni ugonjwa wa kuvu (fangasi) unaopenda hali hiyo, ubwiriunga, ambao hauhitaji mvua hata tone. Mvua kubwa, kwa kweli, huuosha. Unachotaka ni hewa yenye unyevu, ubaridi kiasi, na kitu kichanga cha kushika: jani jipya, ua, bibo dogo. Jani lililokomaa hauliwezi.

Nadharia inatosha hapo, isipokuwa jambo moja ambalo ukilikosa mengine yote hayatakufaa: salfa ni kinga, si tiba. Inalizuia ua lenye afya lisishikwe. Ua lililokwisha kuwa jeupe kwa unga wa ugonjwa haliponi hata ukilimwagia mfuko mzima. Mkorosho huchanua msimu mmoja kwa mwaka, kwa hiyo ua lililokufa Julai ni korosho ambayo hutaiokota Oktoba.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya Juni

Salfa ya unga, iliyofungwa kiwandani, mfuko haujachanika wala kushonwa upya. Angalia kama ina lebo na kama kiuatilifu hicho kimesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kama umesajiliwa kama mkulima wa korosho, pembejeo za ruzuku hupitia chama chenu cha msingi cha ushirika. Nenda kaulize mapema, usisubiri maua.

Mashine ya kupulizia ya mgongoni, iliyofungwa mrija wa unga. Siyo lazima uinunue. Vijana wengi vijijini wana mashine na hupuliza kwa malipo ya mti, na kwa mwenye ekari mbili tatu huo ndio uamuzi mzuri. Ila panga naye siku tangu Mei, kwa sababu wakati wa maua kila mtu anamtaka asubuhi ileile.

Petroli na oili ya kuchanganyia kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mashine, plagi ya akiba, na chekecheo la kuondoa mabonge.

Mavazi: miwani inayofunika macho pande zote, barakoa, glavu, kofia, shati la mikono mirefu, suruali na mabuti. Salfa ikiingia machoni utalia hadi mchana, na ukiivuta kifuani utakohoa siku nyingi.

Tochi, mizani ndogo, daftari.

Hatua kwa hatua

1. Safisha shamba kabla miti haijachipua.
Palilia, hasa chini ya miti, ili uweze kupita na mashine gizani bila kujikwaa, na ili hewa ipite. Kisha inama uingie ndani ya kivuli cha kila mti na uangalie shina na matawi ya ndani. Utaona vichipukizi vyembamba vimejiotea pale ambapo jua halifiki: hayo ni maotea. Ubwiriunga hukaa humo miezi yote ambayo mti hauna majani mapya, ukingoja msimu. Yakate yote, uyatoe nje ya mti. Wageni wengi huiruka kazi hii kwa sababu haionekani kuwa kupambana na ugonjwa, na huwa nasikitika kuona mtu anatumia fedha nyingi kwa salfa huku ameuacha ugonjwa umelala ndani ya mti wake mwenyewe.

Matawi ya mti mmoja yakiwa yameingiliana na ya mti wa jirani, chini kunakuwa giza na unyevu haukauki hadi saa 5. Kupogoa na kupunguza miti iliyobanana kufanyike baada ya mavuno. *Usikate matawi makubwa mti ukiwa umeanza kuchipua*; unakata maua ya mwaka huu.

2. Hesabu miti, ndipo uhesabu salfa.
Kiwango kilichozoeleka kwa mkorosho mkubwa ni robo kilo kwa mti kwa awamu moja. Mfuko wa kilo 25 basi ni miti 100, mara moja. Shamba lililopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 lina miti kama 28 kwa ekari. Mwenye ekari tatu ana miti 84, sawa na kilo 21 kwa awamu, na akipuliza awamu tano atahitaji kilo 105: mifuko minne na kilo tano juu. Mashamba ya zamani hayafuati nafasi hiyo, kwa hiyo tembea uhesabu mti kwa mti. Mti mdogo mpunguzie kadiri ya ukubwa wake.

Usirefushe salfa kwa kuichanganya na majivu au unga wa muhogo. Utaona wingu kubwa, lakini kinga haimo.

3. Kagua kila wiki tangu majani mapya yatokeze.
Chagua miti 10 iliyotawanyika shambani, mingine bondeni, mingine mpakani, uifunge kitambaa ili kila wiki urudi kwenye ileile. Nenda asubuhi. Zunguka mti, na usiangalie juu tu: anza na matawi ya chini na ya ndani, upande unaochelewa kupata jua, maana huko ndiko ugonjwa huanzia.

Vuta shada moja la maua usogeze karibu na macho. Shada lenye afya ni la kijani lenye wekundu kwa mbali, na vitumba vyake vinang'aa. Lililoshikwa lina vumbi jeupe kwenye vikonyo na chini ya vitumba, kama mtu aliyekuwa anachekecha unga amelishika kwa mikono michafu. Pitisha kidole gumba: unga unatoka, na chini yake kikonyo kimeanza kuwa na rangi ya kahawia. Baada ya siku chache vitumba havifunguki tena, vinakauka na kupukutika, na shada linabaki vijiti.

Andika kwenye daftari: tarehe, mti gani, umechipua kiasi gani, unga upo au haupo.

4. Anza mapema kuliko moyo wako unavyokuambia.
Jibu la "nianze lini" halimo kwenye kalenda. Miti ya Mikindani na Msimbati pwani haichanui siku moja na ya uwanda wa juu wa Makonde, na hata ndani ya shamba moja miti hutofautiana. Anza pale mashada ya kwanza yanapochomoza kwenye miti yako, au unapoona unga wa kwanza kwenye majani machanga, chochote kitakachotangulia. Ukiona shamba la jirani limeshaanza kuwa jeupe, usingoje lako.

Mtu wa Newala na Tandahimba, ambako ukungu wa alfajiri ni mzito, awe na haraka zaidi.

Kosa kubwa kuliko yote ni kungoja "maua yatoke mengi ili salfa isipotee". Maua yakiwa mengi na ugonjwa umeshazaana. Awamu ya kwanza iliyopulizwa kwa wakati ina thamani kuliko mbili za mwisho, na kama fedha yako ni ya awamu tatu tu, zitumie tatu za mwanzo.

5. Pima mashine yako.
Tia kilo 5 kwenye tangi, uanze kazi. Zinatakiwa ziishe kwenye mti wa 20. Zikiisha mti wa 12, bana kidhibiti cha unga au ongeza mwendo; ukifika mti wa 30 bado unapuliza, fungua zaidi. Fanya hivi hata kama umemkodi kijana mwenye mashine yake. Anayelipwa kwa mti huwa na haraka ya kumaliza, na si kumdhania ubaya kumpimia kilo mbele yake.

6. Puliza alfajiri.
Kati ya saa 10 alfajiri na saa 2 asubuhi, upepo ukiwa umetulia na majani yana umande. Umande huohuo unaoulea ugonjwa ndio unaoinasa salfa ikakaa juu ya maua. Upepo wa kusi ukishaamka, acha.

Simama upande unakotoka upepo, hata kama ni mdogo sana, ili wingu liende mbele yako. Elekeza mrija juu ya katikati ya mti, si kwenye shina, halafu zunguka upulize upande wa pili. Mulika tochi: kukiwa shwari utaona vumbi la manjano linapanda, linatulia kati ya matawi, kisha linashuka polepole. Likikatika na kukimbilia kando, upepo umeanza, na unachofanya ni kumpulizia jirani. Asubuhi jua likitoka, pitisha kidole kwenye shada la juu na la ndani. Ukipata manjano kidoleni, umefika.

*Maonyo ya hatua hii, tafadhali yasome mara mbili.* Salfa inashika moto. Usivute sigara, usije na kibatari, na ukitaka kuongeza petroli zima mashine, isubiri ipoe. Usipulize jua likiwa kali, utaunguza majani machanga na maua. Watoto na wajawazito wasiwepo shambani. Kama kuna kunde au kisamvu chini ya miti, waambie akina mama wachume mboga siku moja kabla, si siku ileile. Ukimaliza oga kwa sabuni, na nguo za kazi zifuliwe peke yake.

7. Rudia kila baada ya siku 14.
Shada halitoki lote kwa siku moja. Vitumba vipya vinaendelea kufunguka kwa wiki kadhaa, na ambavyo havikuwepo ulipopuliza havina kinga. Utaratibu kamili ni awamu hadi tano. Ukaguzi wa wiki ndio utakaokuambia kama ya nne na ya tano zinahitajika: maua yakiwa yameisha, korosho changa na mabibo yake yameshika na hakuna unga mpya, acha. Mvua ya ghafla ikipiga muda mfupi baada ya kupuliza, salfa imeoshwa. Rudia mvua ikipita.

8. Ukiamua kutumia dawa ya maji.
Wapo wasiotaka vumbi, au walio na bomba la maji tu. Dawa za maji za ubwiriunga zipo na zinafanya kazi, nyingi hurudiwa kila baada ya wiki tatu hivi. Lakini kipimo hutofautiana kwa kila dawa, kwa hiyo fuata lebo, si maneno ya muuzaji wala ya jirani mwenye dawa nyingine. Lazima bomba lako lifike juu ya mti. Bomba la mkono la nyanya haliwezi mkorosho mkubwa. Utalowesha matawi ya chini na kuyaacha ya juu, ambako kuna maua mengi. Usitumie dawa ya aina moja tu mwaka hadi mwaka, maana ugonjwa huzoea.

9. Fikiria udongo.
Hapa ndipo nilipomwita mkulima mkongwe. Salfa yote unayopuliza mwisho wake ni chini, na huko hugeuka tindikali. Udongo wetu mwingi wa kichanga hauna nguvu ya kuihimili, na shamba lililopulizwa miaka mingi linazidi kuwa chachu, mazao yanayopandwa chini ya miti yanadhoofika. Utafiti wa jambo hili umefanyika hapahapa kwetu. Kwa hiyo zidisha umakini, si salfa: robo kilo kwa mti, si nusu, na awamu za lazima tu. Kila baada ya miaka michache peleka udongo ukapimwe uchachu. Kituo cha Naliendele cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI), nje kidogo ya Mtwara mjini, ndicho kinachoongoza utafiti wa korosho nchini, na hakuna aibu kwenda kuuliza pale.

Salfa iliyobaki ihifadhi pakavu, juu ya mbao, mbali na jiko na chakula. Ikishika unyevu inaganda.

Mambo yakienda kombo

*Maua yameshakuwa meupe ndipo nimepata salfa.* Yaliyokufa yamekufa. Angalia kama bado kuna vitumba vinavyochomoza. Mara nyingi vipo, na mikorosho mingi hutoa maua kwa mawimbi. Puliza kesho alfajiri kwa ajili ya hivyo, kisha shika siku 14 bila kukosa.

*Maua yamekauka meusi, lakini sioni unga.* Huenda si ubwiriunga. Tazama vikonyo na vichipukizi laini. Ukikuta madoa meusi yaliyodidimia, kama yaliyochomwa kwa ncha ya kitu, huyo ni mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu, na salfa haimzuii. Dawa ya wadudu ni nyingine, na isipulizwe nyuki wakiwa kwenye maua, kwa sababu wadudu ndio wanaochavusha mkorosho wako. Kabla hujanunua dawa, angalia kama mti una majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota. Wanauma, najua, na wapalizi wanawalalamikia, lakini wanawafukuza wadudu hao. Usichome viota vyao. Maua yaliyokauka meusi baada ya mvua isiyo ya msimu huenda yameshikwa na chule, ugonjwa mwingine wa kuvu. Chukua shada bichi kwenye mfuko wa karatasi umpelekee afisa ugani.

*Nimepuliza kwa wakati na unga umerudi.* Maswali ni matatu. Mashine ilitoa robo kilo kweli? Ulipuliza upepo ukiwepo? Maotea ya ndani uliyakata? Kwa kawaida jibu limo katika moja ya hayo. Ukiridhika nayo yote, shaka inabaki kwenye salfa yenyewe: iliyo halisi ni unga laini sana wa manjano, na ukiwa na mchanga mchanga kidoleni au una rangi ya majivu, usiutumie, ripoti kwa chama chako cha msingi ukiwa na mfuko mkononi.

*Majani machanga yamekuwa na mabaka ya kuungua.* Ulipuliza jua limepanda, au ulirundika salfa sehemu moja. Mti utapona, awamu ijayo anza mapema zaidi na uusogeze mrija muda wote, usiuelekeze sehemu moja.

*Mashine inanguruma lakini unga hautoki.* Salfa imeshika unyevu na kuziba. Zima, mwaga tangi, futa mrija ukauke kabisa, chekecha salfa ndipo uirudishe. Usiache unga ndani ya tangi usiku kucha. Mashine ikizimika kabisa, anza na plagi na chujio la hewa, maana vumbi la salfa huziba chujio haraka.

*Jirani hapulizi.* Ubwiriunga husafirishwa na upepo, kwa hiyo shamba lake ni tatizo lako. Mara nyingi mwenye shamba yuko Dar es Salaam na hapokei habari. Mpigie, mweleze, mwombe ruhusa ya kuingiza shamba lake kwenye ratiba ya mpulizaji wenu. Vitongoji vinavyopanga kupuliza kwa pamoja, alfajiri zinazofuatana, hupata kinga ambayo mtu mmoja hawezi kuinunua. Akikataa, anza kupuliza safu zako za mpakani, na hizo uzikague mara mbili kwa wiki.

*Korosho changa zinadondoka.* Kiasi fulani ni kawaida. Mkorosho hushika mbegu nyingi kuliko unazoweza kulea na huzipunguza wenyewe. Okota chache uzitazame kwenye mwanga. Zikiwa safi, ziache. Zikiwa na unga au ngozi iliyopasuka yenye makovu, ubwiriunga bado upo na unahitaji awamu nyingine. Zikiwa na vidonda vyeusi vilivyodidimia, tatizo ni wadudu wafyonzao, na dawa yake si salfa.